Jinsi ya Kupima Ubora wa Utafiti Kuhusu Hatari za Maikroplastiki: Mwongozo Kamili

Wasomaji wengi wanaojaribu kupima utafiti wa maikroplastiki, yaani vipande vidogo mno vya plastiki, hukwama mahali pale pale. Husoma muhtasari, hurukia hitimisho, kisha huchukua namba moja na kuondoka nayo. Namba hiyo huilinganisha na ya utafiti mwingine uliotumia chombo kingine, wavu mwingine na chembe za ukubwa mwingine. Wapo wanaotoka hapo na hofu isiyo na msingi. Wapo pia wanaotoka na dharau isiyo na msingi, na hilo nalo ni kosa kubwa.

Katika fani hii namba huzaliwa kwenye mbinu. Ukiambiwa lita moja ya maji ina chembe 300, bado hujaambiwa kitu mpaka ujue ni chembe za kuanzia ukubwa gani, zilitambuliwa kwa chombo gani, na ngapi kati yake zilitoka kwenye koti la mtafiti. Mwongozo huu unakupitisha kwenye maswali hayo moja baada ya jingine.

## Unachohitaji kabla ya kuanza

- Makala nzima ya kisayansi, si habari iliyoandikwa juu yake. Kama imefungwa kwa malipo, mwandikie mwandishi wa mawasiliano. Anwani yake huwa ukurasa wa kwanza, na wengi hutuma nakala bure.
- Viambatisho vyake. Hili ni faili tofauti, na watu wengi hawalifungui. Majedwali ya sampuli tupu (zimeelezwa Hatua ya 4), orodha ya polima, yaani aina za plastiki, na picha za chembe hukaa humo.
- Kikokotoo. Cha simu kinatosha.
- Karatasi yenye safu tatu: kigezo, walichofanya, alama (0, 1 au 2).
- Kama saa mbili kwa makala yako ya kwanza. Ukishazoea, dakika 40 zinatosha.

Soma kwa mpangilio huu: kichwa, mbinu, viambatisho, matokeo, kisha muhtasari mwishoni kabisa. Ukianza na muhtasari, utasoma mbinu ukitafuta sababu za kuuamini.

## Hatua ya 1: Tambua makala inajibu swali gani

Kuna maswali matatu, na kila moja lina utafiti wake.

1. Je, zipo? Chembe zimepatikana kwenye maji, hewa, samaki au tishu ya mtu.
2. Je, zina uwezo wa kudhuru? Kiumbe au seli zimewekewa chembe maabara, na kitu kimebadilika.
3. Je, kiwango kinachotufikia kinatosha kudhuru? Hapa ndipo neno hatari linapopata maana yake kamili.

Makala nyingi hujibu la kwanza au la pili, halafu aya ya mwisho inazungumza kana kwamba zimejibu la tatu. Kisu kina uwezo wa kukata, lakini kikiwa kimefungiwa kabatini hakimkati mtu. Kugundua kwamba chembe zimo mwilini ni jambo zito na linastahili kufuatiliwa, ila peke yake halisemi mtu anaumwa.

Onyo: kagua vitenzi vya hitimisho. "Inadokeza", "inahusishwa na" na "inasababisha" ni madai matatu tofauti. Angalia kama kitenzi kimepanda ngazi kati ya sehemu ya matokeo na kichwa cha makala.

Umefaulu ukiweza kuandika sentensi moja ya namna hii: "Makala hii inaonyesha kitu fulani, ndani ya kitu fulani, kwa chombo fulani." Ukishindwa, rudia sehemu ya mbinu kabla ya kuendelea.

## Hatua ya 2: Hakikisha makala haijafutwa

Nakili kichwa cha makala ukitafute kwenye hifadhidata ya Retraction Watch, inayoorodhesha makala zilizofutwa, na kwenye PubPeer, ambako wanasayansi hujadili kasoro za makala zilizokwisha kuchapishwa. Kisha fungua ukurasa wa makala kwenye tovuti ya jarida uangalie kama kuna sahihisho, tahadhari ya mhariri au barua ya kupinga.

Hatua hii inachukua dakika tano, na inaokoa mengi. Mwaka 2016 jarida la Science lilichapisha makala iliyodai kwamba samaki wachanga hupenda kula chembe za plastiki kuliko chakula chao cha asili. Habari ilisambaa kila mahali. Mwaka 2017 jarida likaifuta. Waliosoma habari ya kwanza tu wanaendelea kuisimulia.

Jina la jarida halikupi kinga, kama mfano huo unavyoonyesha. Na kama makala bado ni rasimu ambayo haijapitiwa na wataalamu wengine, iandike hivyo juu ya karatasi yako.

## Hatua ya 3: Tafuta dirisha la ukubwa

Hii ndiyo hatua inayowaangusha wengi zaidi, kwa hiyo ipe muda.

Kwa kawaida maikroplastiki ni vipande vya plastiki vilivyo chini ya milimita 5. Zilizo chini ya mikromita 1 (sehemu ya elfu moja ya milimita) huitwa nanoplastiki. Kati ya milimita 5 na mikromita 1 kuna tofauti ya mara 5,000 kwa kipenyo, na hakuna chombo kimoja kinachoona masafa yote hayo vizuri. Kila utafiti una dirisha lake: ukubwa wa chini na wa juu unaoweza kuonekana.

Dirisha hilo hupangwa na vitu viwili. Cha kwanza ni tundu la wavu au kichujio. Nyavu zinazokokotwa juu ya maji mara nyingi huwa na matundu ya mikromita 333 hivi, kwa hiyo vilivyo vidogo kuliko hapo hupita. Nyuzi ni tatizo zaidi: uzi wenye urefu wa milimita 2 na upana wa mikromita 15 unaweza kupenya wavu huo kwa ncha kama uzi unavyopenya tundu la sindano. Cha pili ni chombo cha kutambua. Hadubini ya FTIR, inayotambua plastiki kwa mwanga wa infraredi, huishia kwenye mikromita 10 hadi 20 hivi. Ya Raman, inayotumia mwanga wa leza, hufika karibu na mikromita 1. Mashine zinazochoma sampuli na kupima gesi zake, yaani pairolisisi, hazihesabu chembe kabisa, zinatoa uzito.

Sasa chukua kikokotoo. Fikiria chembe mbili za mviringo za plastiki ileile, moja ina kipenyo cha milimita 1, nyingine mikromita 10. Kipenyo cha kwanza ni mara 100 ya cha pili. Ujazo hukua kwa kipeo cha tatu: 100 × 100 × 100 = 1,000,000. Maana yake, chembe moja ya milimita 1 ina uzito sawa na chembe milioni moja za mikromita 10.

Itazame hesabu hiyo kwa makini. Maabara inayohesabu na maabara inayopima uzito zinaweza kupokea maji yaleyale, moja ikasema yamejaa plastiki, nyingine ikasema ni kidogo mno, na zote mbili zikawa zimesema kweli. Ndiyo maana huwezi kuweka chembe kwa lita na mikrogramu (sehemu ya milioni moja ya gramu) kwa lita kwenye mstari mmoja bila kujua ukubwa, umbo na uzani wa chembe, yaani uzito wake kwa kila ujazo.

Andika kwenye karatasi:

- ukubwa wa chini kabisa uliothibitishwa, si uliotajwa kwenye utangulizi;
- kipimo kilichotumika: kwa lita, kwa mita ya ujazo (lita 1,000), kwa kilomita ya mraba, au kwa kilo ya mashapo makavu (tope na mchanga wa chini ya maji);
- kama nyuzi zimehesabiwa au zimeachwa.

Kinachoharibika: mwandishi analinganisha matokeo yake ya kichujio cha mikromita 10 na ya wavu wa mikromita 333, kisha anasema eneo lake limechafuka zaidi. Chembe ndogo ni nyingi kuliko kubwa karibu kila zinapotafutwa, kwa hiyo kichujio kidogo peke yake kinatosha kuleta tofauti hiyo.

Umefaulu ukiweza kujaza pengo hili: "Utafiti huu uliona chembe za kuanzia ___ hadi ___ tu."

## Hatua ya 4: Kagua uchafu wa maabara

Plastiki iko hewani, kwenye nguo, kwenye vifuniko vya chupa, kwenye maji ya kuoshea vyombo. Mtafiti asiyejilinda atapata plastiki popote atakapotafuta. Kwa hiyo tafuta neno sampuli tupu katika sehemu ya mbinu.

Sampuli tupu ni maji safi yaliyochujwa na kupitishwa hatua zote zilezile za sampuli halisi, kuanzia chupa ya kukusanyia hadi chini ya hadubini. Ziwe tatu au zaidi. Kisahani chenye kichujio kilichoachwa wazi mezani ili kudaka vumbi ni nyongeza nzuri, ila hakichukui nafasi yake, kwa sababu hakipiti kwenye kemikali wala vyombo.

Tuseme viambatisho vinaonyesha sampuli tupu tatu zenye chembe 4, 7 na 10. Wastani ni 7. Standadi devisheni, yaani kipimo cha jinsi hesabu zinavyotawanyika kando ya wastani, ni 3. Kiwango cha chini cha kugundua hupatikana kwa wastani kujumlisha standadi devisheni tatu: 7 + 9 = 16. Kiwango ambacho juu yake unaweza kutaja idadi kwa uhakika hutumia standadi devisheni kumi: 7 + 30 = 37.

Sasa sampuli ya mto ina chembe 14. Ni mara mbili ya wastani wa sampuli tupu, na kwa macho inaonekana kama ugunduzi. Lakini iko chini ya 16, kwa hiyo huwezi kuitenganisha na uchafu wa maabara. Yenye chembe 25 inasema plastiki ipo, bila kusema ngapi. Yenye 45 ndiyo inayokuruhusu kutaja idadi.

Makala dhaifu hufanya jambo moja rahisi: 14 kutoa 7, jibu chembe 7 kwa lita. Kutoa wastani hakuondoi mashaka yaliyomo ndani ya wastani huo. Ukiona hivyo, fanya hesabu ya 16 mwenyewe.

Dawa ya sampuli iliyozama kwenye uchafu ni kukusanya maji mengi zaidi, ili chembe halisi zizidi zile za maabara. Vigezo vya ubora vilivyochapishwa mwaka 2019 kwa tafiti za maji vinataka kama lita 500 kwa maji ya mito na maziwa, na lita 1,000 kwa maji ya bomba. Ukikutana na hitimisho kubwa lililojengwa juu ya lita moja ya maji ya bomba, punguza alama.

Angalia pia glovu. Glovu nyingi za kutupa hupakwa chumvi za asidi ya steariki ili zitoke kwa urahisi kwenye kalibu, yaani umbo la kuzitengenezea kiwandani. Alama yake kwenye FTIR na Raman inafanana sana na ya polietilini, plastiki ya mifuko, na mtafiti aliyevaa glovu kwa nia njema anaweza kuhesabu mabaki yake kama plastiki.

Dalili nzuri: makoti ya pamba, vyombo vya kioo au chuma vilivyooshwa kwa maji yaliyochujwa, kazi ndani ya kabati lenye hewa safi, na jedwali la sampuli tupu lililogawanywa kwa aina ya polima.

Dalili mbaya: sentensi moja tu, "tahadhari zote zilichukuliwa."

## Hatua ya 5: Kagua jinsi sampuli ilivyoandaliwa

Samaki au tope haviwekwi moja kwa moja chini ya hadubini. Nyama na uozo huyeyushwa kwa kemikali, kisha chembe huelea kwenye maji mazito ya chumvi. Hatua zote mbili zinaweza kuharibu kile kinachotafutwa.

Asidi ya nitriki kali na ya moto huyeyusha nailoni. Potasiamu haidroksidi ya asilimia 10 ni laini zaidi na hutumika sana kwa tishu, lakini joto likizidi nyuzi 60 za Selsiasi baadhi ya polima huanza kudhurika. Kama makala inasema haikupata nailoni, rudi uone walitumia kemikali gani.

Kwenye kuelea, linganisha uzani. Maji yaliyoshiba chumvi ya kawaida yana uzani wa gramu 1.2 hivi kwa sentimita ya ujazo. PET, plastiki ya chupa, ina kama 1.38, kwa hiyo huzama na kutupwa pamoja na mchanga. PVC nyingi nayo huzama. Zinki kloraidi yenye uzani wa zaidi ya 1.5 huzielesha zote mbili. Utafiti wa mashapo uliotumia chumvi ya kawaida unapaswa kukiri kwamba haukuziona plastiki nzito.

Halafu tafuta jaribio la kurejesha: watafiti huweka idadi inayojulikana ya chembe, mfano 50 zenye rangi, wapitishe hatua zote, kisha wahesabu walizozipata. Wakipata 41, ni asilimia 82. Asilimia 80 na kuendelea ni nzuri. Hakikisha tu kwamba chembe za jaribio zinafanana kwa ukubwa na zinazotafutwa. Kurejesha vipande vya mikromita 500 hakukuambii chochote juu ya chembe za mikromita 20, ambazo hunata kwenye kuta za vyombo na kupotea.

## Hatua ya 6: Je, ni plastiki kweli?

Macho peke yake hayatoshi. Uzi wa pamba uliotiwa rangi, kipande cha gamba na ukoko wa mwani vyote vinaweza kuonekana kama plastiki chini ya hadubini, na kadiri chembe inavyopungua ndivyo kosa linavyoongezeka. Rangi ya Nile Red, inayofanya plastiki ing'ae, hung'arisha pia mafuta ya asili yasipoondolewa vizuri.

Utambuzi wa kuaminika unatumia FTIR, Raman au pairolisisi. Uliza maswali haya:

- Chembe ngapi zilipimwa kwa mashine? Kigezo kizuri: zikiwa chini ya 100, zote zipimwe. Zikizidi 100, ipimwe zaidi ya nusu, na zisipungue 100.
- Kiwango cha kulingana na maktaba ya polima ni kipi? Maabara nyingi hutumia asilimia 70 na kuendelea. Kama hakijatajwa, kila mtu anaweza kuwa alichagua alichopenda.
- Zilizopimwa zilichaguliwaje? Kuchagua zile zenye rangi kali pekee kunapotosha, kwa sababu ni rahisi kuziona.

Pairolisisi inahitaji tahadhari yake. Mashine huchoma sampuli na kusoma vipande vya kikemikali vinavyotoka. Polietilini ikichomwa hutoa minyororo ya haidrokaboni, na mafuta ya mwilini yakichomwa hutoa minyororo inayofanana nayo. Kwa hiyo tishu yenye mafuta mengi, kama ubongo, ikitoa matokeo makubwa ya polietilini, swali la kwanza ni kama mafuta yaliondolewa, na swali la pili ni kama watafiti walichoma mafuta matupu ili kuona mashine inasema nini. Matokeo ya namna hii yasitupwe bila kusomwa, ila yanahitaji kuthibitishwa kwa njia ya pili isiyo na udhaifu huohuo. Makala inayoonyesha njia mbili zikikubaliana ipewe alama kamili bila kusita.

## Hatua ya 7: Kama ni jaribio la madhara, fuata dozi

Hapa tumeingia kwenye swali la pili. Kiumbe amewekewa chembe, na kitu kimetokea.

Badilisha dozi iwe idadi. Miligramu 1 kwa lita inasikika ndogo. Lakini ikiwa ni vitufe vya polistairini (aina moja ya plastiki) vya mikromita 1, hiyo ni kama chembe bilioni 1.8 katika kila lita. Mapitio ya mwaka 2016 yalionyesha kwamba dozi nyingi za maabara zilizidi viwango vilivyopimwa baharini kwa mara 100 hadi mara milioni 10. Tahadhari moja, na ni ya haki: vipimo vya mazingira mara nyingi havioni chembe chini ya mikromita 10, kwa hiyo kiwango halisi cha chembe hizo ndogo kinaweza kuwa juu kuliko kinachoandikwa. Usiitupe makala kwa sababu ya dozi kubwa pekee. Angalia kama ina dozi kadhaa, angalau tatu na kundi lisilowekewa kitu, na kama madhara yanaongezeka dozi inapopanda.

Angalia chembe yenyewe. Vitufe laini vya polistairini ni rahisi kununua, lakini mazingira yamejaa nyuzi na vipande vilivyochakaa kwa jua. Matokeo ya kitufe ni ya kitufe.

Soma kilichomo kwenye chupa ya vitufe. Chupa nyingi za dukani huwa na sodiamu azaidi ya kuzuia bakteria, pamoja na sabuni ya kuzuia vitufe visishikane. Azaidi ni sumu. Kama vitufe havikuoshwa, na hakuna kundi lililowekewa kimiminika hicho bila vitufe, basi huenda kilichomuua kiumbe mdogo kama Daphnia ni kihifadhi. Vivyo hivyo rangi inayong'aa inaweza kuvuja ikapenya tishu, na picha ikaonyesha mng'ao mahali ambapo chembe haijafika.

Tafuta chembe ya kulinganishia. Udongo wa kaolini au silika wa ukubwa uleule uwekwe kwenye kundi jingine. Kama udongo unaleta madhara yaleyale, tatizo ni chembe kujaza tumbo, wala si plastiki kwa kuwa plastiki. Makala nyingi hazina kundi hili, na kukosekana kwake ni pengo kubwa kuliko waandishi wanavyokiri.

Hesabu matangi, usihesabu samaki. Samaki 30 katika tangi moja lenye chembe na 30 katika tangi moja lisilo na chembe ni ulinganisho wa matangi mawili. Joto, ugonjwa au pampu ya tangi moja vinatosha kuleta tofauti. Yanatakiwa matangi matatu au zaidi kwa kila dozi.

Mwisho, dozi iliyotajwa iwe imepimwa ndani ya maji wakati wa jaribio. Chembe huzama, huelea na kushikana, kwa hiyo kilichomwagwa si lazima kiwe kilichomfikia kiumbe.

Mapitio ya mwaka 2020 yalipima makala 105 za aina hii kwa vigezo 20. Wastani ulikuwa asilimia 44.6 ya alama zote. Usishangae basi makala yako ikipata nusu.

## Hatua ya 8: Kama ni utafiti wa binadamu

Kwanza hesabu watu. Utafiti wa mwaka 2022 ulioripoti plastiki kwenye damu ulikuwa na watu 22, na 17 kati yao walikuwa na kiwango kinachopimika. Hilo linatosha kusema inawezekana plastiki kufika kwenye damu. Halitoshi kusema asilimia 77 ya watu duniani wanayo.

Kisha tenganisha uhusiano na chanzo. Mwaka 2024 New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa wagonjwa 257 waliofanyiwa upasuaji wa mishipa ya shingo. Polietilini ilipatikana kwenye utando wa mafuta uliojijenga ndani ya mishipa ya wagonjwa 150. Katika ufuatiliaji wa takriban miezi 34, waliokuwa na plastiki walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kupata mshtuko wa moyo, kiharusi au kifo, kwa uwiano wa 4.53, na masafa ya uhakika, yaani eneo ambamo thamani halisi huenda imo, ya 2.00 hadi 10.27.

Soma masafa hayo kabla ya kushika 4.53. Upana wake unasema ongezeko linaweza kuwa mara mbili au mara kumi. Ni utafiti wa uangalizi: waliokuwa na plastiki wanaweza kutofautiana na wenzao kwa chakula, kazi au makazi, mambo ambayo hayakupimwa yote. Na polietilini ndani ya utando wa mafuta inakurudisha kwenye onyo la Hatua ya 6. Bado ni kazi nzito yenye ufuatiliaji halisi wa wagonjwa, na kinachohitajika ni kundi jingine la watafiti, mahali pengine, lirudie.

## Hatua ya 9: Kama makala inakadiria hatari

Mfumo wa msingi ni kugawanya: kiwango kinachokadiriwa kwenye mazingira, gawanya kwa kiwango kinachoaminika kutoleta madhara. Jibu likizidi 1, kuna sababu ya wasiwasi. Kazi yako ni kuhakikisha juu na chini ya mstari wa kugawanya kuna chembe za aina moja. Juu kukiwa na vipande vya zaidi ya mikromita 333 na chini vitufe vya mikromita 1, jibu halina maana hata likiandikwa kwa desimali tatu. Makala nzuri husawazisha ukubwa kwanza na kueleza hesabu yake.

Mfano mashuhuri wa makadirio ni dai kwamba mtu humeza gramu 5 za plastiki kwa wiki, uzito wa kadi ya benki. Makala ya kisayansi ya dai hilo, iliyochapishwa baadaye, ilitoa masafa ya gramu 0.1 hadi 5, na kilichoenea ni ncha ya juu. Uzito huo ulipatikana kwa kuzidisha idadi ya chembe kutoka tafiti mbalimbali kwa uzito wa wastani wa chembe moja, na kutoka Hatua ya 3 unajua chembe chache kubwa zinavyoweza kuvuta wastani huo. Mwaka 2021 kundi jingine lilitumia mgawanyo mzima wa ukubwa, likapata mikrogramu 4.1 kwa wiki kwa mtu mzima wa katikati. Gawanya: gramu 5 ni zaidi ya mara milioni moja ya hiyo.

Ukikutana na makadirio yoyote, tafuta jinsi idadi ilivyogeuzwa kuwa uzito. Mara nyingi ni mstari mmoja kwenye viambatisho.

## Hatua ya 10: Toa alama na uandike hukumu

Kwa kila kigezo kinachoihusu makala yako, weka 2 kama kimetimizwa na kuelezwa, 1 kama ni nusu, 0 kama hakipo au hakikutajwa. Kisichoandikwa hesabu hakikufanyika. Ni kanuni kali, ila bila hiyo utaanza kuwafanyia waandishi kazi ya kuwatetea.

Usitegemee jumla peke yake. Sampuli tupu, utambuzi wa polima na, kwa majaribio ya madhara, kundi linganishi ni nguzo. Sifuri kwenye nguzo moja inaiangusha namba yote, hata kama jumla ni kubwa. Mapitio ya mwaka 2019 ya tafiti 50 za maji yalitumia vigezo tisa vya namna hii, na ni tafiti nne tu zilizopata alama juu ya sifuri kwenye kila kigezo.

Angalia mfadhili na mgongano wa maslahi mwishoni, baada ya kutoa alama. Pesa ya kiwanda cha plastiki na pesa ya shirika la kampeni zote zinaweza kuvuta hitimisho, ila hazibadilishi idadi ya sampuli tupu.

Hukumu yako iwe na sehemu tatu: kinachoaminika, kisichoaminika, na ambacho kingebadilisha mawazo yako. Mfano:

"Plastiki ipo kwenye maji haya, kwa chembe za mikromita 20 na kuendelea (sampuli tupu 5, FTIR kwa chembe zote). Idadi kwa lita siiamini kwa vituo 3 kati ya 8, kwa sababu iko chini ya kiwango cha kutaja idadi. Dai la hatari kwa afya halikupimwa. Nitabadilisha mawazo kuhusu vituo hivyo vitatu vikirudiwa kwa lita 1,000."

Hifadhi karatasi hiyo pamoja na makala, ukiandika tarehe uliyoikagua. Baada ya miezi sita rudia Hatua ya 2 peke yake, kwa sababu barua za kupinga na masahihisho huchelewa kutoka.